Turbo kwenye injini ndogo: kinachovunja injini ni nini hasa?

Kila video ya Vitz au Starlet iliyofungwa turbo inapozunguka kwenye simu za watu, mabishano hurudi yale yale. Mmoja anasema turbo huua injini ndogo ndani ya miezi michache. Wa pili anasema ukiweka pistoni za kufuliwa (zilizoundwa kwa kupigwa na kubanwa, si kumiminwa kwenye kalibu) hakuna kitakachovunjika. Wa tatu anauliza: mbona magari ya lita 1.2 na 1.4 yanatoka kiwandani na turbo na yanatembea miaka? Kila mmoja ana chembe ya ukweli, lakini hakuna kati yao anayegusa kiini, yaani joto, petroli na wakati wa kuwasha moto ndani ya silinda.

Ili maelezo yasielee hewani, tuichukue injini ambayo karibu kila fundi wa Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa au Nairobi ameishika: 1NZ-FE ya Toyota, iliyomo kwenye Probox, Ist, Vitz RS, Fielder na Allion za lita 1.5. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,497. Silinda ina kipenyo cha mm 75, pistoni inapanda na kushuka mm 84.7, mgandamizo (kiasi ambacho pistoni inabana mchanganyiko) ni 10.5 kwa 1, na nguvu yake ya kiwandani ni kama farasi 109.

Turbo ni mapanga mawili yaliyofungwa kwenye shafti moja. La kwanza limekaa kwenye njia ya moshi, na moshi wa moto hulizungusha kwa kasi inayoweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. La pili liko upande wa hewa safi, nalo huivuta na kuisukuma ndani ya injini. Injini ya kawaida hujivutia hewa yenyewe, kwa hiyo haiwezi kupata zaidi ya kile kinacholetwa na presha ya anga. Ukisoma kwenye geji "bar 0.5", maana yake turbo imeongeza nusu bar (bar ni kipimo cha presha) juu ya presha ya anga. Hiyo ndiyo inayoitwa busti.

Sasa hesabu. 1NZ ikiwa mizunguko 6,000 kwa dakika inavuta takriban lita 3,800 za hewa kila dakika, na hiyo ndiyo inayozaa zile farasi 100 na kidogo. Ongeza bar 0.5, ipoze hewa hiyo vizuri, na unapata hewa zaidi kwa asilimia 35 hadi 40. Ongeza petroli kwa kiasi hicho hicho na nguvu itafika karibu farasi 150. Toyota wenyewe, kupitia TRD, kitengo chao cha magari ya mashindano, waliuza Vitz ya turbo yenye injini hii na nguvu ya farasi 150. Kumbe lengo hilo si ndoto. Ni kama kupepea jiko la mkaa: moto unakolea, na kinachoteseka ni kitako cha sufuria.

Kabla ya kwenda kununua chochote, angalia wenye kiwanda walifanya nini walipotaka turbo kwenye injini ndogo. Starlet ilikuwa na 4E-FE ya lita 1.3 isiyo na turbo. Ndugu yake, 4E-FTE, iliwekwa kwenye Starlet GT Turbo na baadaye Glanza V, kuanzia 1989 hadi 1999. Zote mbili zina ujazo wa sentimita za ujazo 1,331. Lakini kwenye ile ya turbo mgandamizo ulishushwa hadi 8.2 kwa 1, konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) zikawa nene zaidi, puli ya kranki ikawa ya kumeza mitetemo, na juu ya injini ikawekwa intakula ya kupoza hewa. Pamoja na yote hayo, turbo ndogo ya CT9 ilipewa busti ya bar 0.4 kwa hali ya chini na 0.65 kwa hali ya juu. Basi. Injini ile ilitoa farasi 135, na nyingine bado zinatembea leo. Anayetaka bar 1.2 kwenye injini ya Probox ambayo haijaguswa ajue anaomba kitu ambacho waliounda hawakukithubutu hata kwenye injini waliyoiandaa kwa kazi hiyo.

Mlipuko holela, ndio muuaji

Katika hali ya kawaida plagi huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli kidogo kabla pistoni haijafika juu. Moto unaanzia kwenye plagi na kusambaa hadi kwenye kuta za silinda, presha inapanda kwa mpangilio, pistoni inasukumwa chini. Tatizo huanza pale mchanganyiko ulio pembeni, ambao moto haujaufikia, unapobanwa na kupata joto kupita kiasi. Unajilipukia wote kwa mpigo. Huo ndio mlipuko holela. Dereva husikia mlio mkavu wa chuma gari likiwa kwenye mzigo, na mara nyingi hasikii kabisa kwa sababu ya kelele za ekzosi.

Usichanganye na kile mafundi wanachoita injini kunoki, ambacho kwa kawaida ni beringi za kranki zilizokwisha. Lakini kimoja huleta kingine, maana kila mlipuko holela ni nyundo inayopiga pistoni, konrodi na beringi kwa pamoja.

Juu ya pistoni kuna utando mwembamba wa gesi unaozuia joto la moto lisifike kwenye chuma. Mlipuko holela huufagia utando huo. Aluminiamu inaanza kuyeyuka pembeni, au ule ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili unakatika. Fundi anafungua injini, anakuta pistoni imevunjika, anahukumu: "Pistoni zilikuwa dhaifu, weka za kufuliwa." Zinawekwa. Pistoni ya kufuliwa huvumilia kipigo kirefu zaidi, hiyo ni kweli, lakini kipigo kikiendelea huhamia kwenye gasketi ya silinda hedi au kwenye beringi. Ndiyo sababu naweka vyuma nafasi ya pili, na petroli, taimingi (wakati wa kuwasha moto) na joto nafasi ya kwanza, hata kama vyuma ndivyo vinavyopendeza kwenye picha.

Petroli kwanza

Injini yenye turbo ikiwa kwenye busti inahitaji mchanganyiko mzito. Uwiano wa kawaida ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Chini ya busti shusha hadi kati ya 11.5 na 12. Petroli ya ziada inapoza ndani ya silinda. Bila sensa ya ekzosi ya masafa mapana, yenye geji yake, huwezi kujua uko wapi. Sensa ya kawaida ya oksijeni inajua tu kama umevuka 14.7 au la. Kama bajeti inaruhusu kifaa kimoja tu cha ziada, nunua hiki.

Nozeli za kiwandani, yaani vinyunyizi vya petroli, zilipimwa kwa ajili ya farasi 109. Kwa farasi 150 kwenye silinda nne, kila nozeli inatakiwa itoe takriban sentimita za ujazo 230 kwa dakika, na kwa kuwa nozeli haitakiwi kufanya kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, tafuta ya 290 au zaidi. Za 330 zinatosha na kubakiza akiba. Nozeli za mtumba zisafishwe na zipimwe zote nne pamoja. Moja ikitoa pungufu kwa asilimia 10, silinda hiyo ndiyo itakayoungua, na geji haitakuonya kwa sababu inasoma moshi wa silinda zote ukiwa umechanganyika.

Kuna jambo moja la 1NZ ambalo wengi hawalijui. Mfumo wake wa petroli hauna bomba la kurudisha mafuta kutoka kwenye injini. Presha imewekwa tangu kwenye tangi, kama bar 3.2 juu ya anga, na haibadiliki busti ikipanda. Turbo ikisukuma bar 0.5 kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), hewa hiyo inasukumana na petroli mdomoni mwa nozeli, na tofauti ya presha inabaki bar 2.7. Mtiririko unapungua kwa asilimia 8 hivi, tena pale pale unapouhitaji zaidi. Ama uweke regyuleta inayosoma presha ya manifoldi pamoja na bomba la kurudi, ama hesabu hiyo iingizwe kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini.

Na kontroli boksi yenyewe? Ile ya kiwandani haikufundishwa maeneo ya juu ya presha ya anga. Vile vidude vya bei rahisi vinavyodanganya sensa ili injini imwage petroli zaidi havigusi taimingi, au vinaivuruga. Kinachofaa ni kontroli boksi ya kujipangia, au ya nyongeza inayotawala petroli na moto kwa pamoja. Kwa kuanzia, rudisha moto nyuma (plagi iwashe kwa kuchelewa) nyuzi moja ya mzunguko wa kranki kwa kila psi moja ya busti (bar 1 ni kama psi 14.5), yaani kama nyuzi 7 kwa bar 0.5, kisha fundi wa kupanga arekebishe huku akisikiliza mlipuko holela kwa vipokea sauti vilivyounganishwa kwenye bloku.

Plagi ni kazi ndogo yenye faida kubwa. 1NZ hutumia plagi za NGK za namba 5 zenye pengo la mm 1.1. Nenda namba 6, au 7 kama busti inakaribia bar 0.8; kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. Funga pengo hadi mm 0.7, la sivyo hewa nzito itazima cheche na gari litakuwa linakata nguvu kwenye mzigo.

Hewa ya moto

Hewa ikibanwa inapata joto. Mchana wa Dar wenye nyuzi 30, turbo yenye ufanisi wa asilimia 65 ikisukuma bar 0.5 inatoa hewa ya karibu nyuzi 87. Kwa bar 1.0 inakaribia nyuzi 130. Hewa ya namna hiyo ikiingia moja kwa moja, mlipuko holela unasubiri kona tu. Intakula si pambo. Ikae mbele ya rejeta inapopigwa na upepo, mabomba yawe mafupi, na hewa ikitoka isizidi nyuzi 15 hadi 20 juu ya joto la nje gari likiwa mwendoni.

Katika joto hilo hilo, rudisha thamostati kwenye injini. Desturi ya kuitoa "ili gari lisichemke" imeenea sana gereji zetu, na kwa injini ya turbo ni hasara tupu. Injini ikiwa baridi, kontroli boksi inaendelea kumwaga petroli ya kuamshia injini, petroli inaosha kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Kama gari linachemka, tatizo ni rejeta iliyoziba, kifuniko kisichoshika presha, au feni. Na ndani ya rejeta weka kupozeshea halisi kwa nusu na maji yaliyosafishwa kwa nusu, wala si maji ya bomba.

Vyuma, na mahali pa kusimama

Pima kabla ya kufungua pochi. Geji ya mgandamizo kwenye 1NZ nzima inasoma kama psi 213. Chini ya 156 injini imechoka, na tofauti kati ya silinda isizidi psi 14. Injini ya mtumba isiyofika hapo haistahili turbo hata ya bar 0.3.

Ikiwa imefaulu, bar 0.5 na farasi 150 ndipo pa kusimama na vyuma vya kiwandani. Kinachofuata kushindwa ni konrodi, ambazo kwenye 1NZ ni nyembamba. Hapa kuna imani potofu kwamba spidi kubwa ndiyo inayozipinda. Spidi kubwa huvuta konrodi na kuchosha bolti zake. Kinachoipinda ni presha ya silinda, na presha hiyo hufika kileleni pale toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ilipo kubwa. Kupanda mlima Kitonga kwa gia ya tano, mizunguko 2,500, mguu umezama, turbo imeshajaa: hapo ndipo konrodi inapoteseka kuliko ukivuta gia ya pili hadi mizunguko 6,000. Teremsha gia.

Ukitaka kuvuka bar 0.7, fungua injini. Konrodi za kufuliwa na bolti zake, kisha pistoni za kufuliwa zenye mgandamizo wa 9 kwa 1. Wengi hujaribu kukwepa gharama hiyo kwa gasketi nene ya silinda hedi. Fanya hesabu: kushusha 1NZ kutoka 10.5 hadi 9.0 kunahitaji nafasi ya ziada ya sentimita za ujazo 7.4 kwa kila silinda, yaani gasketi iongezeke unene kwa karibu mm 1.7. Nafasi hiyo inaharibu ule mbano wa pembeni unaovuruga mchanganyiko na kuusaidia kuungua haraka, kwa hiyo unashusha mgandamizo na papo hapo unakaribisha mlipuko holela ulioukimbia.

Pistoni za kufuliwa hutanuka zaidi zikipata moto, kwa hiyo huachiwa nafasi kubwa zaidi kwenye silinda kuliko za kiwandani. Fuata karatasi ya mtengenezaji wa pistoni, hata kama fundi wa mashine anakuambia amezoea kipimo kingine. Ukisikia zikigongagonga asubuhi injini ikiwa baridi kisha kelele ikapotea, ni kawaida yake. Ringi nazo: kwa silinda ya mm 75, pengo la ringi ya juu liwe kama mm 0.35 hadi 0.40, na la pili kubwa kidogo. Ringi zikiachiwa pengo la kiwandani, ncha zake hugusana zikipata moto wa busti, ringi inakwama, na ukuta wa pistoni unang'oka. Injini mpya kabisa inaweza kufa hivyo siku ya kwanza.

Kuta za silinda za 1NZ ni nyembamba, usizichonge zaidi ya lazima. Uso wa hedi na wa bloku usiwe na mpindo unaozidi mm 0.05, gasketi iwe ya tabaka za chuma, na bolti za hedi ziwe mpya, kwa sababu zile za kuvutika zikishavutika haziwezi kubana tena vile vile.

Oili

Turbo nyingi zinazosemekana "zimekufa sili" hazina tatizo la sili. Oili imekwama kutoka. Oili inaingia kwenye turbo kwa presha kupitia bomba jembamba, linaloweza kuchukuliwa kwenye tundu la swichi ya presha ya oili, lakini inatoka kwa uzito wake tu, ikiwa imejaa povu. Bomba la kutokea liwe na kipenyo cha ndani cha mm 16 au zaidi, lishuke moja kwa moja bila kupinda kama kiwiko cha sinki, na liingie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likiingia chini ya usawa huo, oili inarudi nyuma, inavuka sili, na gari linatoa moshi wa bluu. Mtu atanunua turbo ya pili na ya tatu na moshi utabaki.

Kipumulio cha injini nacho kina mtego. Valvu ndogo inayorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi ilitengenezwa kwa ajili ya mvuto. Busti ikiingia humo inaisukuma hewa hadi ndani ya sampu, na oili inatafuta njia kwenye sili za kranki. Weka valvu ya kuruhusu upande mmoja tu, na tundu la kifuniko cha valvu lipitie kwenye kopo la kunasa oili. Mvuke wa oili ukiingia kwenye silinda hushusha okteni ya mchanganyiko wako, yaani uwezo wake wa kuhimili mlipuko holela.

Tumia oili ya sintetiki ya 5W-40 na ubadilishe kila kilomita 5,000 pamoja na filta. Oili nzito ya 20W-50 haimaanishi ulinzi zaidi. Asubuhi inachelewa kufika kwenye beringi za turbo. Turbo ya mtumba kutoka Gerezani ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi ishikwe shafti kwa vidole kabla ya kulipia: kucheza kidogo kwa pembeni kunaruhusiwa, kucheza kwa mbele na nyuma hakutakiwi kusikika, na mapanga yasiwe na alama za kugusa ukuta.

Pwani na bara

Jambo hili huwapata wengi wa Kenya. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na presha ya anga huko ni kama bar 0.82. Westigeti, yule mlango wa kupunguzia moshi ili busti isizidi, hupima busti juu ya anga ya pale ulipo. Gari lililopangwa Nairobi kwa bar 0.5 linaingiza hewa ya jumla ya bar 1.32. Likishuka Mombasa bila mtu kugusa kitu, ile ile 0.5 inakuwa jumla ya 1.51, yaani hewa zaidi kwa asilimia 14, tena ya joto zaidi. Kontroli boksi inaingia kwenye maeneo ya ramani yake (jedwali la petroli na moto) ambayo hakuna aliyeyapanga. Mbeya kwenda Dar ni hali hiyo hiyo. Mpangaji ajaze ramani hadi presha ya pwani, kwa petroli unayoipata kwenye vituo vya njiani na si ile bora ya mjini, na nozeli zihesabiwe kwa usawa wa bahari.

Baada ya injini kufungwa upya, kilomita 500 za kwanza zisiwe na busti, kisha mwaga oili na ukate filta uangalie chembe za chuma. Kuhusu kuacha gari likiunguruma dakika tano kila unapotaka kuzima: si lazima. Kilomita ya mwisho iendeshwe taratibu, dakika moja ya kuunguruma inatosha. Kama turbo yako ina njia za maji, ziunganishe zote mbili, na bomba la kutokea lipande kuelekea rejeta. Injini ikizimwa, maji ya moto yataendelea kupanda yenyewe na kuipoza nyumba ya beringi kabla oili iliyobaki humo haijaungua na kugeuka masizi.